Waya Mmoja na Duale

Sehemu ya sita

Aliyekosa gazeti la wiki iliyopita asogee karibu, nimrudishe njiani kwa maneno machache.

Mama yangu alifariki Marsabit. Siku tatu kabla hajafa, ndugu yangu alipiga simu Isiolo. Mama alikuwa bado anaongea, bado anauliza Dima atafika lini. Simu hiyo iliingia dukani kwa Duale, kwa sababu mtaa wetu wote wa Bulla Pesa ulikuwa na simu moja, na hiyo moja ilikaa juu ya meza ya Duale kama jogoo wa nyumba.

Ujumbe haukunifikia. Habari nilipewa na dereva wa lori la ng'ombe, ambaye alinishika mkono akanipa pole akidhani najua. Mama alikuwa amezikwa tangu jana.

Kutoka mlango wa Duale hadi lango langu ni hatua arobaini. Nimezitembea mara nyingi nikizihesabu, na kila mara zinatoka arobaini.

Sikumwuliza. Mtu akikukanyaga kidonda huanzi kumwuliza kama alikiona. Niliapa mambo mawili tu. La kwanza, nitaingiza simu ndani ya nyumba yangu mwenyewe, habari yangu isipite tena mdomoni kwa mtu. La pili, Duale atalia, na mimi nitakuwa nimekaa kwa kiti nikimsikia.

Leo naungama jinsi la pili lilivyotimia.

Kuomba simu siku hizo kulikuwa kama kuomba mvua, isipokuwa mvua mara nyingine inakuja. Tulikuwa nyumba saba tulioandika barua. Mwaka wa kwanza tuliambiwa nguzo hazijafika. Mwaka wa pili nguzo zilifika, mchwa wakazila zikiwa zimelala chini. Zikaletwa zingine, tukachimba mashimo sisi wenyewe, tukazisimamisha, na ndovu wa kutoka upande wa Kipsing wakaja kujikuna migongo.

Halafu kuna twiga. Wengine husema naongeza chumvi, lakini waulizeni wazee. Twiga mmoja alipita na waya shingoni, akaenda nao porini, na kwa wiki nzima aliyempigia Duale simu alisikia mtu akitafuna majani.

Basi majirani wakachoka mmoja mmoja. Huyu akasema atatuma barua, yule akasema watu wake wote wako hapa hapa. Nikabaki peke yangu na karatasi yangu, mwaka wa themanini na moja, mpaka asubuhi moja Mbaabu, fundi wa simu, akaegemeza ngazi kwa ukuta wangu.

"Mzee, iko laini moja tu ya kuja huku," akasema.

"Hiyo moja inatosha. Funga."

"Hiyo moja ni ya Duale."

"Sasa umetoka Meru na ngazi uje unionyeshe laini ya Duale?"

"Nimekuja kukuambia inaweza kugawanywa. Nyinyi wawili mnatumia waya mmoja. Yeye akiongea, wewe unangoja. Wewe ukiongea, yeye anangoja. Simu ya mmoja ikilia, inalia kwa nyumba zote mbili. Na mwenye kuinua, anasikia mwenzake."

Nilikaa juu ya rundo la ngozi zangu za mbuzi. Biashara yangu ilikuwa ngozi, na harufu yake hunisaidia kufikiri.

"Na nikikataa?"

"Utangoja laini nyingine. Mimi nastaafu miaka kumi na tatu ijayo. Labda atakayenifuata atakuletea."

"Funga basi."

"Bado, mzee. Lazima mwenye laini akubali. Hapa chini ndio anatia sahihi."

Yaani ili nipate silaha ya kumpiga Duale, ilibidi nikamwombe Duale ruhusa.

Nilienda. Nilivaa kikoi kizuri, nikatembea zile hatua arobaini kama mtu anayeenda kuchanjwa. Duale alikuwa anapima sukari. Babake alikuwa askari wa zamani, na yeye mwenyewe alisimama wima nyuma ya kaunta kama anangoja kukaguliwa.

"Salaam aleikum, Duale."

"Wa aleikum salaam. Leo jua limetoka wapi? Miaka miwili hata kivuli cha duka langu unakizunguka."

"Nimekuja na karatasi."

Aliisoma yote, akaigeuza nyuma, akarudia mbele.

"Dima, unataka tulale kitanda kimoja."

"Waya moja. Kitanda nina yangu."

"Na ukisikia maneno yangu?"

"Nitasikia nini? Habari ya mbuzi? Mbuzi zako zimekonda, mji wote unajua."

Nilidhani atanirushia karatasi. Alichukua kalamu sikioni, akatia sahihi.

"Ni vizuri uwe na simu yako," akasema. "Kila mtu apokee habari yake kwa sikio lake."

Damu ilinipanda mpaka kwa macho. Nilisikia ni tusi, ni mtu anayenikumbusha kaburi la mama na chumvi mkononi. Niliikunja karatasi, nikamwambia asante, na kwa moyo nikamwambia: utaona.

Simu ikafungwa. Ilikuwa nyeusi, nzito, na mkono wa kuzungusha pembeni. Unazungusha, na Lomuria kule kwenye ubao wa simu anakuuliza unataka nani. Mlio mrefu mmoja ulikuwa wa Duale. Mifupi miwili ilikuwa yangu. Binti yetu Sadia, aliyeolewa Nairobi, alikuwa wa kwanza kunipigia.

"Aba, ni wewe kweli?"

"Ni mimi. Niko kwa nyumba yangu, nimekaa kwa kiti yangu."

"Sasa nikikutaka nitakupata?"

"Wakati wowote, binti yangu."

Nilisema hivyo. Kumbukeni kwamba nilisema.

Mwezi wa kwanza sikufanya kitu. Niliinua simu polepole na kusikiliza, kama mtu anayejifunza njia ya nyoka. Nikagundua kwamba Duale alikuwa na simu moja ya maana kwa wiki nzima. Kila Jumatano, saa nne asubuhi, kaka yake alimpigia kutoka soko la mifugo Nairobi. Hawakuongea maneno mengi. Kaka alisema "Pakia," na Duale akapakia mbuzi kwa lori. Au alisema "Ngoja," na Duale akangoja. Nyumba yake yote ilisimama juu ya neno hilo moja.

Nami nikamkumbuka Mzee Yattani wa Chechelesi.

Mzee Yattani alikuwa na simu tangu enzi alipokuwa chifu. Na sisi Waborana tuna salamu, nagaa, yaani amani. Si salamu ya mtu wa Nairobi, anayesema habari akiwa ameshakupita. Sisi tunauliza. Tunauliza wewe, nyumba, watoto, wazee, ng'ombe, mbuzi, malisho, maji, njia uliyopita na mvua uliyoiacha nyuma. Kila swali lina jibu lake, na huwezi kuruka, na huwezi kumkata mzee katikati. Lakini Yattani alituzidi sote. Aliwahi kumsalimu mtu aliyekuja kununua beberu, na walipomaliza beberu alikuwa na wajukuu.

Simu ya mjini kwa mjini, siku hizo, haikuwa na saa. Ukishaunganishwa, ongea mpaka ng'ombe warudi.

Jumatano ya kwanza, saa nne kasoro dakika kumi, nilizungusha mkono.

"Lomuria, nipe Mzee Yattani."

Akanipa.

"Nagaa, mzee?"

"Nagaa. Nani?"

"Dima, wa ngozi."

"Ooo, Dima. Umeamka nagaa? Mama Sadia nagaa? Sadia mwenyewe, kule alikoolewa, nagaa?"

"Nagaa, mzee. Ana mimba."

"Alhamdulillahi. Na wakwe zako? Na yule ndugu yako wa Marsabit? Na ng'ombe wake mwekundu, yule aliyevunjika pembe?"

Saa nne ikafika. Nikasikia mkonga wa simu ukiinuliwa kule kwa Duale. Pumzi. Ukarudishwa. Baada ya muda ukainuliwa tena.

"Na pembe ilipona?" anauliza Yattani.

"Ilipona, mzee, lakini imeangalia chini."

Ukarudishwa kwa kishindo. Nilimimina chai. Mara ya tano Duale alishindwa.

"Mzee, samahani sana. Ni Duale hapa, wa duka. Naomba laini kidogo tu."

Nilijua kitakachokuja.

"Duale?" akasema Mzee Yattani, na sauti yake ikachangamka kama moto uliopata kuni. "Duale, kumbe uko hapa ndani muda wote na hutusalimii? Nyumbani hamjambo?"

"Hatujambo, mzee. Naomba..."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na ngamia za marehemu babako ziko wapi siku hizi?"

"Hatuna ngamia, mzee. Tuna mbuzi."

"Zilienda wapi?"

Mtoto wa askari alifunzwa adabu. Hakuweza kumkata mzee. Alisimama kule dukani kwake akieleza ngamia mmoja baada ya mwingine, yupi aliuzwa, yupi alikufa ukame wa mwaka gani, na mimi nilikuwa nimefunika mdomo wa simu na kiganja, machozi yananitoka kwa kicheko. Waliachana saa sita.

Siku hiyo kaka yake alitaka kusema "Ngoja." Duale hakulipata neno, akapakia. Soko lilikuwa limejaa mpaka barabarani. Mbuzi walirudi Isiolo wakiwa wachache, na waliorudi walikuwa wameegemeana.

Jumatano ya pili neno lilikuwa "Pakia." Duale aliogopa, akangoja. Wafanyabiashara wengine wote wa mji walipakia, wakarudi wakiimba.

Niliwaona watu wakianza kupita duka lake. Lori lake likawekwa juu ya mawe. Jioni alikaa nje kwenye kreti, mikono juu ya magoti, na nilikuwa nikipita mbele yake taratibu, mimi ambaye zamani nilizunguka, ili nimwone vizuri. Sitadanganya. Nilisikia utamu. Nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nizikose siku za mwisho za mama.

Mke wangu Abiba hakucheka.

"Baba Sadia, imetosha," aliniambia. "Mwache huyo mtu."

"Yeye alimwacha mama yangu?"

"Ya Mungu mwachie Mungu."

"Mungu ana kazi nyingi. Hii ndogo nimemsaidia."

"Mlango wa kulipiza ukiufungua, hujui ni nani ataingia."

"Wewe amekukosea nini mpaka umwombee?"

"Mimi hajanikosea," akasema, akaondoka na sufuria.

Jumatano ya tatu nilikaa mapema. Nilijua kwamba ikipita hii, Duale atauza duka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri ni nani atalinunua.

Yattani alikuwa moto. Tulimaliza watu, tukamaliza ng'ombe, tukaingia kwa visima vya upande wa Kipsing, kimoja kimoja, kipi kina maji matamu na kipi kina chumvi. Duale aliinua simu mara moja tu, akasikiliza, akairudisha polepole. Hakugombana. Nilijua amevunjika.

Saa nne na nusu, sauti ya Lomuria ikaingia katikati yetu.

"Mzee Dima, samahani. Iko simu ya Nairobi inataka laini yenu."

Nairobi, siku ya Jumatano: nani tena kama si kaka wa Duale? "Mwambie hakuna mtu."

"Mzee, huyu anasema ni haraka sana. Anaitisha..."

"Lomuria, sikiliza vizuri. Mwambie hakuna mtu nyumbani. Na usituingilie tena. Naongea na mzee."

Nilisikia waya ukivuma.

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Sawa, mzee."

"Nani huyo?" akauliza Yattani.

"Ni mtu wa simu tu."

"Hajambo?"

"Hajambo, mzee. Tulikuwa kwa kisima cha nne."

Adhuhuri nilienda msikitini, nikaswali na moyo mweupe. Saa saba na nusu nilikuwa uani, nala nyama ya mbuzi na wali, nala kama bwana harusi, Abiba akinimiminia maji ya kunawa. Lango likabishwa.

Alikuwa Duale.

Hakuwa amevaa viatu. Hilo ndilo nililoliona kwanza. Mtu aliyeng'arisha viatu hata siku za vumbi alikuwa amesimama kwa lango langu na miguu mitupu.

"Salaam aleikum."

"Wa aleikum salaam," nikasema, bila kuinuka. "Umekuja kuuza duka?"

"Dima, simama."

"Nasimama kwa nani?"

"Sadia alipiga simu."

Nilimtazama Abiba. Birika lilikuwa limesimama hewani.

"Alipiga saa nne na nusu," Duale akasema, polepole, kama mtu anayebeba kitu kinachomwagika. "Yuko hospitali, Nairobi. Mtoto amelala vibaya tumboni. Daktari alisema lazima apasuliwe. Kabla ya kuingia alitaka kuongea na baba yake."

"Hakuna simu iliyolia hapa."

"Haingelia. Ulikuwa unaongea."

Nilitema wali niliokuwa nao mdomoni.

"Lomuria alimwambia nini?"

"Alichoambiwa amwambie."

"Amemwambia ni mimi nilisema?"

Duale alitazama chini, kwa miguu yake.

"Hakuhitaji kumwambia. Lomuria alikuwa ameacha waya wazi ili akuunganishe. Sadia alisikia sauti yako."

Yeyote anayesoma hapa na ana binti, aweke gazeti chini kidogo.

Nilisimama. Sahani ilianguka, sikuisikia. Nilikumbuka kila neno. Mwambie hakuna mtu nyumbani. Na usituingilie tena.

"Yuko hai?"

"Mume wake alipiga baadaye. Alikuwa ameambiwa hapa hakuna mtu, kwa hivyo akaomba jirani yeyote mwenye simu. Laini ilipopata nafasi, Lomuria akaniita mimi. Wakati huo Sadia alikuwa bado ndani, hawajamtoa. Sijui zaidi, wallahi. Nimemwambia Lomuria atafute hospitali. Anajaribu. Akipata, itakulilia wewe, mifupi miwili."

Sote watatu tukaitazama simu kupitia mlango. Ilikuwa imekaa pale, nyeusi, kimya.

Na badala ya kuanguka kwa miguu ya mtu yule, badala ya kumwambia nimekosa, sijui shetani gani alinishika ulimi. Nilikuwa nimemchukia kwa miaka miwili, na chuki ni kama ngozi iliyokaushwa vibaya, huwezi kuikunja siku moja.

"Ungenyamaza basi," nikamwambia. "Mbona umekuja kunionyesha huruma? Ungekaa kimya kama ulivyokaa kimya kwa mama yangu."

Duale alijipangusa jasho kwa mkono kabla hajajibu. Hakukasirika. Hilo ndilo lililoniogopesha.

"Ndiyo sababu nimekuja mwenyewe," akasema. "Na miguu mitupu, nisichelewe kutafuta viatu. Ile mara ya mama yako sikukaa kimya, Dima. Ndugu yako alipokata simu, nilifunga duka, nikaja mpaka hapa hapa nimesimama. Ulikuwa umeenda kununua ngozi. Niliacha ujumbe na mtu wa nyumba yako."

"Mwongo."

"Niliuacha wote. Kwamba mama anakuita, na kwamba hana siku nyingi."

"Ulimwachia nani?"

Macho yake yalipita bega langu, yakakaa nyuma yangu.

Niligeuka. Abiba alikuwa ameweka birika chini. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama yeye, na uso wake haukuwa wa mtu anayesingiziwa.

"Duale," akasema, kwa sauti ndogo kabisa, "tulikubaliana utanyamaza."